Kocha Mbele ya Baraza la Mashabiki

Tarehe 10 Julai 2012, siku moja baada ya Sudan Kusini kutimiza mwaka mmoja wa uhuru, timu yake ya taifa ilitoka sare ya 2-2 na Uganda mjini Juba. Kocha alikuwa Zoran Đorđević wa Serbia. Mwishoni mwa mwaka huo, katika mashindano ya CECAFA mjini Kampala, timu hiyo ilishindwa mechi zote 3 za kundi lake.

Katika mtaa wa Kator, wenye klabu inayobeba jina lake, kama ilivyo Kariakoo au Nairobi, desturi ni moja: timu ikishinda, sifa ni za wachezaji, ikishindwa, lawama ni za kocha. Lakini timu ile changa ilipambana na nchi zilizocheza kwa miongo mingi. Tena, Desemba 2013, vita vilizuka nchini.

Ushindi wa kwanza ulipatikana Juba tarehe 5 Septemba 2015, bao 1-0 dhidi ya Guinea ya Ikweta, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka huo huo. Kocha wakati huo alikuwa Lee Sung-jea wa Korea Kusini. Đorđević alikuwa amekwisha kwenda zake.

Shabiki alipaye kiingilio ana haki ya kuhoji. Hata hivyo, kabla ya kuhukumu, yampasa aulize kocha alipewa wachezaji gani, uwanja gani na muda gani. Hukumu isiyouliza hayo ni hasira tu.