Mchakamchaka wa Igamba

Mtu aliyeiona nchi ya Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, wakati wa mvua, na hasa vijia vya Igamba vipitavyo kati ya mikahawa na mahindi, hatastaajabu kuambiwa kwamba kukimbia katika matope ni jambo la zamani huko, ijapokuwa halikupata kuwa na klabu wala kombe la fedha. Ardhi ni nyekundu na nzito, uwanda umeinuka zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mvua zianzazo Novemba aghalabu hazikomi mpaka Aprili. Kwa hiyo anayetaka kwenda mbio miezi hiyo hana budi kusuhubiana na utelezi.

Kabla ya barabara kuu ya Zambia kutiwa lami, na kabla ya reli ya TAZARA kuanza kazi rasmi mwaka 1976, habari nyingi za nyanda hizi zilisafiri kwa miguu. Katika enzi ya Wajerumani, na ya Waingereza waliowafuatia, mifuko ya barua ilibebwa na matarishi waliopokezana mzigo kituo kwa kituo, na matarishi hao hawakuwa na hiari ya kungoja jua likaushe njia. Mbio zao zilikuwa kazi ya ujira, wala hapakuwa na mtu wa kuwapigia makofi.

Mbio za nyika zililetwa na shule. Huko Uingereza wanafunzi wa Shrewsbury walikuwa wakikimbia mashambani tangu mwaka 1819, baadhi wakijifanya mawindo na wengine mbwa wa kuwinda, wakivuka mitaro na makonde yaliyolowa. Na mwaka 1868 ikaundwa klabu ya Thames Hare and Hounds kwa ajili ya mchezo huo. Walimu wa kikoloni walikuja nao Afrika Mashariki, na kanuni yake ilikuwa moja: kumtafuta wa kwanza.

Lakini ada iliyoenea vijijini kuliko hiyo ni mchakamchaka, nayo haikumtafuta mtu wa kwanza. Jeshi la Kujenga Taifa lilipoundwa mwaka 1963, vijana wake walikimbia alfajiri kwa nyimbo. Na baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, na hasa tangu mwaka 1977, Azimio la Musoma la 1974 lilipotekelezwa kwa kuwafungulia watoto wote mlango wa darasa la kwanza, mchakamchaka ulikuwa sehemu ya asubuhi ya shule kama ufagio na jembe.

Rimu ya gari iliyotundikwa mtini hugongwa gizagiza. Watoto hujipanga wawili wawili, kiranja mwenye sauti akaanzisha wimbo, na wenziwe wakaitikia kwa vinywa na kwa nyayo, kwa maana kiitikio huangukia mguu wa kushoto. Mwenye viatu huvivua akavishika mkononi, kwani udongo wa Mbozi ukishalowa huganda katika soli tabaka juu ya tabaka, mpaka mguu ukawa mzito kama jembe lisilokwanguliwa. Mguu mtupu hupata nafuu, vidole vikichimba chini kutafuta mshiko. Mteremko una hatari kuliko mlima, maana atelezaye mbele huwaangusha walio nyuma yake. Kisha ni kijito, miguu ikaoshwa, na watoto wakaingia gwarideni na mvuke ukiwatoka mabegani.

Nami nauhesabu wimbo ule kuwa hekima kubwa, kwa sababu mwenye kuimba hawezi kukimbia kuizidi pumzi yake, na mwalimu msikivu, sauti zilipofifia mlimani, alijua kwamba mwendo umekuwa mkali, akaupunguza. Palikuwako pia walimu waliowachapa fimbo waliobaki nyuma, na hilo lilikuwa dhuluma, kwani liliwafanya watoto wengi wayachukie mazoezi ya mwili maisha yao yote.

Taifa lilipata fahari yake kwa wakimbiaji wa nyanda nyingine: John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 na goti lililojeruhiwa, Filbert Bayi wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya meta 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na Gidamis Shahanga, mshindi wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Jirani zetu wa Kenya walitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa timu za wanaume kila mwaka tangu 1986 hadi 2003, na mashindano hayo yakafanyika Mombasa mwaka 2007, na Kampala mwaka 2017.

Leo vilabu vya jogingi vimeenea mijini, wanachama wakivaa fulana za rangi moja na kukimbia Jumamosi katika lami, wakiimba nyimbo walizojifunza shuleni. Ikiwa vilabu vya Mbozi vitataka kuandaa mbio zao wenyewe, nashauri visizifanye katika lami ya barabara ya Tunduma penye misururu ya malori, bali katika vijia vya Igamba, tena mwezi wa Februari, matope yakiwa yamekolea. Na zawadi ipewe timu ambayo mtu wake wa mwisho amefika mapema kuliko wa mwisho wa timu nyingine.