Kibanda cha Gemu na Mkataba Usioandikwa: Biashara ya Michezo ya Video katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Historia ya michezo ya video kwa kawaida huandikwa kana kwamba mchezaji ni mtu anayemiliki mashine, hununua mchezo dukani na kuucheza nyumbani kwake. Katika ukanda wa migodi unaotoka Shinyanga na Kahama hadi Geita na Katoro, mchezaji wa aina hiyo alikuwa nadra. Walio wengi waliujua mchezo kupitia kibanda cha gemu, yaani chumba chenye runinga, mashine ya PlayStation, pedi mbili na benchi. Insha hii inajadili namna biashara ya kibanda ilivyojenga matarajio ya wachezaji, na namna matarajio hayo yalivyogongana na mabadiliko ya kibiashara ya kampuni za kimataifa. Hoja yake kuu ni kwamba kibanda kilizaa kipimo cha haki ambacho mjadala wa udhibiti hauna budi kukizingatia.

Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji wa kisasa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Pembezoni mwa migodi hiyo waliendelea kuishi wachimbaji wadogo, ambao kipato chao hakifuati mwisho wa mwezi. Wenye duara na wachimbaji hugawana viroba vya mawe. Fedha huja kwa mkupuo na hukatika ghafla. Katika uchumi wa namna hiyo, burudani inayouzwa kidogo kidogo hupata wateja. Mwenye kibanda hakuuza diski, bali aliuza mechi moja kwa shilingi mia chache.

Mauzo hayo yalikuwa na masharti yasiyoandikwa. Mechi iliyolipiwa huchezwa hadi filimbi ya mwisho. Anayefungwa humpisha mwingine. Umeme ukikatika, mteja hudai mechi yake. Timu zote ziko wazi kwa kila aliyelipa, na mwenye fedha nyingi hapati mshambuliaji bora kuliko mwenzake. Kwa ufupi, mchezaji alijua anachonunua kabla ya kulipa, na matokeo yalitegemea ustadi. Hata hivyo, kibanda hakipaswi kupambwa kupita kiasi. Wazazi na walimu wamekilalamikia kwa utoro wa wanafunzi. Aidha, diski nyingi zilikuwa nakala zisizo halali, ilhali Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia programu za kompyuta.

Kwa kuwa mapato ya nakala hizo hayakuzifikia kampuni, mchezaji wa kibandani hakuhesabiwa kuwa mteja. Stand United ya Shinyanga ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, Mwadui ikafuata mwaka 2015, na Geita Gold mwaka 2021. Katika msimu wa 2021/22, George Mpole wa Geita Gold aliibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Ligi hiyo haikuwamo katika FIFA wala Pro Evolution Soccer. Shabiki aliyetaka kuiona timu ya nyumbani alitegemea matoleo yaliyohaririwa na mashabiki wenzake.

Wakati huohuo tasnia ilikuwa ikibadili bidhaa yake. Mwaka 2009 Electronic Arts iliingiza Ultimate Team katika FIFA. Katika sehemu hiyo ya mchezo, timu hujengwa kwa pakiti ambazo mnunuzi hajui zina wachezaji gani hadi azifungue. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One ingehitaji kuunganishwa na intaneti mara kwa mara na ingewekea masharti diski zilizokwisha kutumika. Upinzani wa wateja uliilazimu kuachana na mpango huo kabla ya mashine kuingia sokoni. Mwaka 2021 Konami iliachana na jina la Pro Evolution Soccer na kutoa eFootball bila malipo, ikiwa na kasoro nyingi kiasi cha kampuni kuomba radhi.

Mabadiliko hayo yaliuondoa mchezo katika hali ya kitu kinachomilikiwa na kuufanya huduma. Kwa mwenye kibanda, data ya kupakua maboresho ni gharama isiyoongeza idadi ya mechi. Hivyo basi, kubaki na mashine na diski za zamani hakukuwa ushamba wala mapenzi ya mambo ya kale. Ulikuwa uamuzi wa kibiashara.

Suala la pakiti linagusa pia sheria. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliweka mashine za sloti, ambazo mitaani huitwa madubwi, chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na inawazuia walio chini ya miaka 18 kushiriki. Tofauti ya kibanda na dubwi ilikuwa bayana: kibanda kiliuza ushindani, dubwi liliuza bahati. Pakiti zinaufuta mpaka huo. Mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji iliamua kwamba baadhi ya pakiti za aina hiyo ni kamari, na mwaka 2019 Electronic Arts ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti za FIFA.

Kampuni hujitetea kwamba hakuna anayelazimishwa kununua, na kwamba kila pakiti ina kitu ndani yake. Utetezi huo una uzito, hasa kwa michezo ya bure ambayo asiye na fedha anaweza kuianza. Lakini dubwi nalo halimlazimishi mtu. Kijana wa Katoro anayezuiwa na sheria kutia sarafu katika dubwi anaweza kukutana na bahati ileile ndani ya mchezo wa mpira, kwenye simu ya mzazi wake. Wadhibiti wanaotaka kuliziba pengo hilo wanaweza kuanza na sharti ambalo kibanda kililizingatia bila kuandikiwa: anayelipa ajue anachonunua kabla fedha haijamtoka mkononi.