Fahamu: Kwa nini ningu hupanda mto mvua zikinyesha, na samaki wengine wa Kagera wanaishi wapi

Mvua za masika zikianza na maji ya Mto Kagera kugeuka rangi ya udongo, ningu huanza safari. Hutoka Ziwa Victoria, huingia kwenye mdomo wa mto na kupanda mpaka kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Huko ndiko anakotaga. Maji yakipungua, vifaranga hushuka kuelekea ziwani.

Ningu (Labeo victorianus) hapatikani popote duniani nje ya bonde la Ziwa Victoria. Ana miiba mingi, lakini wanaomjua hawamwachi kwa sababu ya miiba. Zamani alikuwa samaki mkubwa wa biashara kwenye mito inayoingia ziwani. Kilichommaliza ni hiyo hiyo safari yake: nyavu zikitegwa mdomoni mwa mto wakati wa mvua, anakamatwa akiwa bado na mayai tumboni. Katika Mto Nzoia nchini Kenya, uvuvi wake ulikuwa umeshaporomoka kufikia miaka ya 1960.

Kuyu naye hupanda mto, ila yeye anataka maji yanayokwenda kasi juu ya mawe na kokoto. Akiletewa tope kutoka kwenye mashamba ya kandokando, mahali pake pa kutagia panazibwa.

Kwenye maji yaliyotulia hali ni tofauti kabisa. Mto Ngono, unaopita kwenye mabwawa ya matete na mafunjo kabla ya kuungana na Kagera, ni makazi ya kambale na kamongo. Maji ya humo yana hewa kidogo, lakini hao wawili hawajali. Kamongo ana mapafu na lazima apande juu kuvuta pumzi. Kambale ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa ya juu.

Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, hawezi kukaa kwenye maji ya namna hiyo. Ndiyo maana baadhi ya furu, ambao wenzao wengi walitoweka ziwani miaka ya 1980, walipata pa kujificha ndani ya mafunjo. Anayefyeka mafunjo ili alime mboga anabomoa maficho hayo, pengine bila kujua.

Kwa wakazi wa Kashai, mto wa karibu ni Kanoni, unaokatiza mjini Bukoba na kuishia ziwani. Ni mdogo, na taka zikitupwa humo zinafika ziwani mvua moja tu ikinyesha.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Kuvua kwa sumu au kokoro nako ni kosa kisheria. Kwa ningu, wiki za kuangalia zaidi ni zile za mwanzo wa masika, pale pale mto unapokutana na ziwa.