Nani Amekuita?

Hebu tuanze na hesabu. Mji wa Chamonix huko Ufaransa, chini ya Mont Blanc, uko mita 1,035 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000, na sisi wa Kimulot, upande wa Bomet, tuko kwenye vilima hivyo hivyo vya chai. Maana yake ni kwamba mtu wa kwetu akipanda ndege kwenda kuona milima maarufu zaidi ya Ulaya, akifika pale mjini atakuwa ameteremka. Mapafu yetu hayana neno na Alps. Kinachotukwamisha ni karatasi.

Nimekuwa nikipanga safari hiyo tangu Januari. Ndege si shida. Kutoka Nairobi unaweza kupitia Addis Ababa ukashuka Geneva, kisha ukapanda basi la saa moja na nusu hivi hadi Chamonix. Mji wenyewe ni wa watu wanaopenda kucheza na kifo: wanateleza kwenye theluji, wanapanda kuta za barafu, wanaruka na miamvuli kutoka mlimani. Tangu 1955 kuna kibanda kinachovutwa kwa waya hadi Aiguille du Midi, mita 3,842, bila wewe kutoa jasho. Mimi nataka hicho kibanda tu. Nipande, niangalie, ninywe chai ya bei mbaya, nirudi nyumbani.

Viza sasa. Ada ni yuro 90, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Ombi lisiwasilishwe zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Wanataka taarifa za benki, mahali pa kulala, na barua ya mwajiri au ya chuo. Chuo niliacha mwaka wa tatu, na mwajiri wangu ni yeyote atakayelipia makala ya mwezi huu. Mama alipoona faili mezani aliuliza jambo moja tu: "Nani amekuita?"

Nilicheka, halafu nikafungua fomu ya viza. Kumbe swali lenyewe limo humo. Kuna nafasi ya jina la mtu anayekualika. Kama hayupo, andika jina la hoteli. Mama hajawahi kuiona hiyo fomu, lakini anaijua. Kila aliyewahi kuondoka huku kwetu kwenda mbali alikuwa ameitwa na mtu, na historia ya hivi vilima inamuunga mkono.

Mwaka wa 1924 Chamonix iliandaa michezo ya theluji ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Katikati ya miaka hiyo ya 1920, Kericho ilikuwa inaanza kupandwa chai ya mashamba makubwa, na majina ya Brooke Bond na African Highlands yakaingia midomoni mwa babu zetu. Kwa hiyo mji wa kitalii ninaotaka kwenda na mashamba yaliyotuzunguka ni watu wa rika moja. Ulaya ilikuwa inajifunza kupumzika milimani wakati milima yetu ilikuwa inajifunza kufanya kazi.

Babu zetu walisafirije wakati huo? Kwa kipande. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920, mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na cheti cha kazi ndani ya kikopo cha chuma, wengi wakikining'iniza shingoni. Kilionyesha jina lako, bwana wako ni nani, na kama alikuruhusu kuondoka. Ukikutwa barabarani bila hicho ulikuwa na kesi. Soma tena orodha ya karatasi za viza, halafu uniambie kama barua ya mwajiri haikukumbushi kitu.

Mzungu naye alikuwa na ratiba. Mwaka wa 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza kuleta ndege zake hadi Ziwa Victoria, na Kisumu, ambayo kutoka Kericho ni mteremko wa saa chache, ikawa kituo. Mwaka uliofuata njia hiyo ilifika Cape Town. London hadi Cape Town ilikuwa safari ya karibu siku 11, na abiria walilala hotelini njiani. Ilikuwa ghali, lakini mtu wa tabaka la mabwana wa mashamba aliweza kuketi barazani Kericho akapanga likizo ya kwao kwa tarehe.

Miaka mitatu tu baadaye, mwaka wa 1934, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Walaibon. Mamia ya watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, walitolewa Kericho na kupelekwa Gwassi, kwenye joto na mbu kando ya ziwa. Hiyo nayo ilikuwa safari iliyopangwa vizuri sana. Ila waliosafiri hawakuwa ndio waliopanga.

Uhuru ulibadilisha mwitaji. Wilson Kiprugut, mtoto wa Kericho na mwanajeshi, aliitwa na taifa. Tokyo, 1964, alishika nafasi ya tatu katika mita 800 na kuwa Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki. Miaka minne baadaye alikwenda Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu. Mataifa mengi yalikuwa yanaogopa hewa yake nyepesi. Ufaransa ilifika mahali pa kujenga kituo kizima cha mazoezi Font-Romeu, kwenye milima ya Pyrenees, ili wanariadha wake wazoee. Yaani watu walikuwa wanapanda milima kwa pesa nyingi kutafuta hewa ambayo Kiprugut aliivuta akiwa mtoto bila kulipa senti. Alirudi na fedha. Ni tangu wakati huo, naona mimi, tulipoanza kuitwa kwa sababu ya miguu.

Na miguu ndiyo iliyompeleka Philip Boit kwenye theluji. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyepata shaba Munich mwaka wa 1972. Mwaka wa 1996 kampuni ya viatu ya Nike ilimchukua yeye na Henry Bitok ikawapeleka Finland. Wazo lilikuwa kuona kama wakimbiaji wa Kenya wanaweza kugeuzwa kuwa wa skii. Boit hakuwa amewahi kuona theluji. Alijifunza kuanguka, akajifunza kuinuka, na akiwa Kenya alifanya mazoezi kwa skii za magurudumu kwenye lami.

Tarehe 12 Februari 1998 alisimama kwenye mstari wa kuanzia huko Hakuba, mji wa skii katika milima ya Japani, wakati wa Olimpiki ya Nagano. Mbio zilikuwa za kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde kadhaa. Boit alitumia dakika 47 na ushee. Alikuwa wa 92, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Dæhlie alikataa kwenda kuchukua medali kabla ya huyu wa mwisho kufika, akamngojea na kumkumbatia. Boit akamwita mtoto wake Dæhlie.

Kila mtu anaipenda hadithi hiyo na kila mtu huikatia hapo, kwenye kumbatio. Mimi nashikwa zaidi na kilichofuata. Matangazo yalikwisha, na udhamini haukudumu. Kwa hesabu ya aliyemwita, kazi ilikuwa imeisha. Lakini Boit alionekana tena Salt Lake City mwaka wa 2002, na tena mwaka wa 2006 kwenye Olimpiki ya Turin, ambapo mbio za skii za masafa zilifanyika Pragelato, kijiji cha Alps upande wa Italia. Alikuwa na miaka 34, kutoka nchi isiyokuwa na hata kilima kimoja cha skii. Mara ya kwanza alikwenda kwa sababu aliitwa. Mara ya tatu alikwenda kwa sababu alitaka, na hiyo tofauti ndiyo ninayoitafuta.

Leo Wakenya wamejaa Alps, na hawaendi kuteleza. Lucy Wambui Murigi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka wa 2017 huko Premana, Italia, na akarudia mwaka wa 2018 huko Canillo, Andorra. Mwaka wa 2023, kwenye mashindano ya dunia ya Innsbruck-Stubai, Austria, Patrick Kipngeno alishinda mbio za kupanda tu. Hiyo milima ina vibanda vya waya kwa ajili ya watalii. Mkenya huipanda kwa miguu, tena akiangalia saa. Hapo anakaribishwa vizuri, ana meneja, ana barua, na ile nafasi kwenye fomu inajazwa bila shida.

Sisemi ni vibaya. Nawavulia kofia, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa hizo mbio. Ninachosema ni kwamba katika miaka mia moja tumeitwa kuchuma, kubeba, kupigana na kukimbia. Kwenda kuangalia mlima kwa sababu ni mlima, hilo bado tunaambiwa tulieleze. Mtalii wa Ulaya anayekuja kupigwa picha katikati ya majani chai yetu hujaza fomu kwenye intaneti, hulipa, na haambiwi alete barua ya bosi wake. Hakuna anayeona ajabu kwamba ametoka mbali kuja kuangalia vichaka.

Kwa hiyo nimeandika barua yangu mwenyewe, kwa Kiingereza safi, ukurasa mmoja. Inasema mimi ni mwandishi, ninajilipia, nitakaa siku tisa, nitarudi kwa sababu nyumbani kuna chai ya kuchumwa na makala ya kumaliza. Lengo la safari: kutembea. Kwenye nafasi ya anayenialika nimejaza jina la hosteli, chumba cha vitanda sita. Wanaweza kukataa, na yuro 90 zitakuwa zimeenda. Lakini kwenye faili zao kutakuwa na karatasi moja kutoka Kimulot inayosema kwamba mtu alitaka kuja, na hakuwa ameitwa na yeyote.