Nani Humwamrisha Askari? Karne Moja ya Ulinzi, Ushuru na Moto Kisii na Nyamira

Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vichanga, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka na kuingia katika kituo cha Kisii. Maafisa wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuhama. Wanajeshi wa King's African Rifles walipofika, risasi zikarindima, kamanda wao Kapteni Thornycroft akauawa, na hatimaye Wajerumani wakaondoka. Katika pengo hilo mji ukabaki bila mwenyewe. Watu wa vijiji vya jirani wakaingia na kuchukua walichokikuta bomani na madukani. Misheni za Nyabururu na Nyanchwa nazo hazikusazwa. Serikali iliporejea haikuhangaika kumtafuta mwizi mmoja mmoja. Iliadhibu jamii nzima, ikaswaga ng'ombe.

Kisa hicho husimuliwa kama sehemu ya historia ya vita, lakini kinaeleza pia jinsi ulinzi wa mji ulivyoanza katika nchi ya Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira. Askari wa Kisii hakuajiriwa na watu wa Kisii wala hakuwajibika kwao. Alilinda kituo cha serikali, na serikali ilipoondoka naye aliondoka. Zaidi ya miaka 100 baadaye Kisii na Nyamira zina magavana, mabunge ya kaunti na bodi za manispaa, lakini swali la nani anamwamrisha askari na nani anamuuliza maswali bado halijapata jibu kamili.

Vijana wa ebisarate

Kabla ya Waingereza, ulinzi Gusii ulikuwa kazi ya vijana. Vijana hao, abamura, walikaa katika ebisarate, kambi za ng'ombe zilizojengwa mbali kidogo na maboma ya familia, wakilinda mifugo dhidi ya wavamizi kutoka upande wa Wakipsigis na Wamaasai. Walikuwa watoto wa watu wanaojulikana. Aliyevuka mpaka wa adabu alirudishwa mbele ya wazee wa ukoo wake mwenyewe.

Waingereza walikuja kwa bunduki. Walipeleka kikosi cha kwanza mwaka 1905, na kituo cha Kisii kikaanzishwa 1907. Januari 1908, kijana Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, G. A. S. Northcote. Simulizi za Gusii zinamtaja nabii Moraa Ng'iti kuwa ndiye aliyewachochea vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Kwa wenyeji hali ilikuwa mbaya: jeshi lilirudi, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, Otenyo akauawa. Kufikia 1913 hivi serikali ilikuwa imezipiga marufuku ebisarate. Hapo ndipo jamii ilipopoteza chombo chake cha ulinzi, na pengo hilo likajazwa na mtu mmoja: chifu.

Chifu, askari wake na baraza lisilo na rungu

Sheria ya mwaka 1902 iliwapa machifu wajibu wa kudumisha utulivu, na ile ya 1912 ikawaongezea uwezo wa kutoa amri kuhusu pombe, barabara, kazi na kodi. Chifu alikuwa na askari wake, na amri yake ilitekelezwa siku hiyo hiyo. Mwaka 1929 askari hao walipewa sheria yao wakawa polisi wa kikabila, na mwaka 1958 wakageuzwa kuwa Polisi wa Utawala. Majina yalibadilika lakini mstari wa amri haukubadilika: kutoka kwa askari hadi kwa chifu, kisha kwa mkuu wa wilaya, hadi Nairobi.

Katikati ya miaka ya 1920 serikali iliunda mabaraza ya wenyeji. Baraza la Kavirondo Kusini lilikutana Kisii chini ya uenyekiti wa mkuu wa wilaya. Lilitoza kodi ndogo na kupitisha maazimio, na katika miaka ya 1930 na 1940 likajaribu kuweka kikomo cha ng'ombe wa mahari, ambao idadi yao ilikuwa imepanda hata vijana wakashindwa kuoa. Juhudi hizo ziligonga mwamba. Wazazi walipatana kwa siri, ng'ombe wa ziada wakapelekwa bila kutajwa, na baraza halikuwa na mtu wa kwenda boma hadi boma kuwahesabu. Mtaalamu Philip Mayer, aliyetumwa na serikali kuchunguza jambo hilo, alichapisha matokeo yake mwaka 1950.

Mahari yalifichua ukweli ambao ungejirudia. Baraza lilikuwa karibu na watu na lingeweza kutunga sheria, lakini halikuwa na askari. Chifu alikuwa na askari, lakini hakuchaguliwa na mtu yeyote. Musa Nyandusi wa Nyaribari, aliyetawala kwa miongo kadhaa, alikuwa na sauti iliyosikika kuliko azimio lolote la baraza. Mwanawe, Simeon Nyachae, alipanda ngazi hizo hizo za utawala hadi akawa mkuu wa mkoa, na katika miaka ya 1980 akashika wadhifa wa juu kabisa katika utumishi wa umma. Ngazi ya madaraka Gusii ilipitia ofisi ya serikali kuu. Haikupitia ukumbi wa madiwani.

Kanjo ya soko

Katiba ya uhuru ya 1963 ilifungua mlango kidogo. Iliunda majimbo yenye mabunge yake, na kila jimbo likatengewa kikosi cha polisi ndani ya jeshi la polisi la taifa. Kisii ilikuwa katika Jimbo la Nyanza. Mlango huo ulifungwa upesi. Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964 mfumo wa majimbo ulikuwa umekufa, na polisi wakarudi mikononi mwa Nairobi. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoyanyang'anya mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya na barabara. Baraza la Kaunti ya Gusii likabaki na masoko, machinjio na karatasi za leseni.

Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, mabaraza yaliweza kutunga sheria ndogo kuhusu usafi, uchuuzi na kelele, kuajiri askari wa kuzitekeleza, na kuendesha vikosi vya zimamoto. Katika vitabu mamlaka hayo yalikuwa mapana. Sokoni yalionekana kwa sura moja tu, ile ya askari wa kanjo, yaani wa baraza, mwenye kitabu cha risiti. Baraza lililonyang'anywa vyanzo vyake vya fedha lilitegemea ushuru wa mama aliyetandaza ndizi na nyanya chini, kwa hiyo askari wake wakawa watoza ushuru kwanza na walinzi wa sheria baadaye. Kazi za usalama zisizoingiza shilingi, kama kukagua majengo, kuhakikisha njia za kutorokea moto na kutunza mabomba ya maji ya zimamoto, zilikaa nyuma ya foleni.

Nyamira ilipotengwa na Kisii na kuwa wilaya mwaka 1989, wengi walifurahi kwamba serikali imesogea. Kilichosogea ni ofisi ya mkuu wa wilaya na ya mkuu wa polisi. Kamati ya usalama iliendelea kuongozwa na mteule wa rais, na diwani wa Nyamira hakuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini kituo cha polisi hakina gari.

Sungusungu yaziba pengo

Hakuna jambo linaloonyesha gharama ya pengo hilo kama Sungusungu. Vikundi vya jina hilo vilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania, ambako wanakijiji walijipanga kuwasaka wezi wa ng'ombe. Mfumo huo ukavuka mpaka hadi kwa Wakuria, kisha Gusii. Wizi wa kutumia silaha ulikuwa umewachosha watu, na polisi walichelewa au walihongwa. Mwanzoni raia wengi waliwaunga mkono vijana wa Sungusungu na kuwachangia fedha.

Lakini mlinzi asiyesimamiwa na mtu hujipa kazi ya hakimu. Vikundi hivyo vililaumiwa kwa mauaji bila kesi, kutoza ada kwa nguvu, kukusanya madeni na kulipiza visasi vya watu binafsi na vya wanasiasa. Machi 2002 serikali ilipiga marufuku vikundi 18 nchini. Katika orodha hiyo Sungusungu ilikuwa pamoja na Chinkororo na Amachuma, vikundi vyenye asili ya ulinzi wa mipaka ya Gusii dhidi ya wezi wa mifugo. Mwaka 2010 majina hayo yalirudi katika orodha mpya ya vikundi 33. Kupigwa marufuku mara mbili kwa miaka minane ni ushahidi kwamba amri ya Nairobi haikuwa imeziba pengo lililovizaa.

Moto mmoja, wakubwa watatu

Tarehe 4 Machi 2013 Wakenya walichagua serikali za kaunti na mabaraza ya zamani yakavunjwa. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga ni kazi ya kaunti, kama ilivyo udhibiti wa kelele na kero nyingine za umma. Polisi ni kazi ya serikali ya kitaifa. James Ongwae aliingia ofisini Kisii, na John Nyagarama Nyamira. Kila mmoja alirithi askari wa kanjo, vibanda vya soko na wajibu wa kuzima moto.

Mtihani ulikuja mashuleni. Juni 2016 mabweni ya Shule ya Upili ya Wavulana ya Itierio, Kisii, yaliteketea baada ya wanafunzi kukatazwa kutazama mechi ya mpira. Katika miezi iliyofuata zaidi ya shule 100 nchini zilikumbwa na moto, na Kisii ikawa miongoni mwa kaunti zilizotajwa sana. Moto wa aina hiyo una wakubwa watatu. Shule ya upili iko chini ya Wizara ya Elimu, ambayo wakati huo iliongozwa na Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira. Gari la zimamoto ni la gavana. Uchunguzi ni wa polisi. Mzazi anayetaka kujua kwa nini dirisha la bweni lilikuwa na vyuma na kwa nini maji yalichelewa huzungushwa katika ofisi tatu, na kila moja humwelekeza kwa nyingine.

Haja yenyewe si ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, nyumba zimebanana milimani, na barabara nyingi za ndani ni nyembamba hata gari kubwa halipiti kwa urahisi.

Keroka inaonyesha hali hiyo kwa ukaribu zaidi. Mji huo umekaa juu ya mpaka, sehemu moja ni ya Kisii na nyingine ya Nyamira, na tangu 2013 kaunti hizo mbili zimevutana juu ya nani atoze ushuru wa soko. Kaunti zote mbili zimedai haki ya kukata risiti. Hakuna aliyezisikia zikigombea kwa bidii kama hiyo haki ya kuzima moto au kukagua majengo mjini humo.

Kiti kilichoachwa wazi

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, ilibuni Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana au waziri wa kaunti aliyemteua. Ndani yake wamo wakuu wa usalama wa kaunti, wajumbe wawili waliopendekezwa na bunge la kaunti, na wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini, watu wenye mahitaji maalumu na mashirika ya kijamii. Kazi yake ni kupendekeza vipaumbele vya polisi, kufuatilia mwenendo wa uhalifu, kuangalia matumizi ya fedha na kupeleka taarifa kwa mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA. Haiwezi kumwamrisha polisi amkamate fulani, na ni vyema isiweze. Inaweza kumuuliza maswali, akatakiwa kujibu.

Kwa miaka mingi magavana wamelalamika kwamba chombo hicho kimebaki kwenye karatasi, huku kamati za usalama zikiendelea kuongozwa na makamishna wa kaunti. Lawama si ya Nairobi peke yake. Bunge la kaunti linalojadili ushuru wa boda boda wiki nzima linaweza kutenga siku moja kudai orodha ya magari ya zimamoto yanayofanya kazi, idadi ya wazimamoto waliofunzwa, na malalamiko yaliyoandikishwa dhidi ya askari wa kaunti. Mamlaka ya kufanya hivyo linayo tayari, halihitaji ruhusa ya mtu.

Basi mwananchi wa Kisii au Nyamira akikutana na mwakilishi wake wa wadi amuulize mambo mawili. Je, Mamlaka ya Polisi ya Kaunti yetu ilikutana lini mara ya mwisho, na kumbukumbu zake ziko wapi? Na soko letu likishika moto usiku wa leo, gari litatoka wapi na litafika kwa dakika ngapi? Mwakilishi asiyeweza kujibu hayo hajafanya kazi aliyochaguliwa kuifanya.