Ujumbe Usio na Mwenyewe: Kanga na Mipaka ya Modeli za Mawasiliano

Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati wa maabara za Bell nchini Marekani, alichapisha nadharia ambayo hadi leo ni msingi wa michoro mingi inayotumika kufungulia kozi za mawasiliano. Katika mchoro wake chanzo huteua ujumbe, kisambazaji huugeuza kuwa ishara, ishara hukutana na kelele njiani, kisha kipokezi huufumbua. Shannon alikuwa mwangalifu: alieleza bayana kuwa maana haikuhusika na tatizo la kihandisi alilolishughulikia. Waliomfuata ndio waliovuka mpaka huo. David Berlo, mwaka 1960, aliweka binadamu mahali pa mitambo, na ingawa alisisitiza kwamba maana imo katika watu wala si katika maneno, mchoro wake bado ulianzia kwa mtumaji na kuishia kwa mpokeaji. Dhana inayombakia msomaji ni kwamba kila ujumbe una mwenyewe. Nadai kwamba dhana hiyo haitoshi, na ushahidi umo katika vazi la kila siku la pwani ya Afrika Mashariki.

Kanga ina pindo, mji na jina, yaani yale maandishi. Mvaaji hakuyatunga, yametoka kwa mtengenezaji au mfanyabiashara, yakachapwa kwa wingi na kuuzwa kwa yeyote. Hata hivyo, mke akijifunga kanga yenye jina la kukemea husuda na kupita mbele ya mlango wa mke mwenzake, ujumbe umefika. Nani aliyeutuma? Mtunzi hamjui yeyote kati yao. Mvaaji hajatamka neno, na akiulizwa atajibu kwamba alipenda rangi. Anayelengwa naye amebanwa: akiuliza kama ndiye anayesemwa, amekiri kuwa maneno yamemkaa. Majirani wanaotazama, ambao hawana nafasi katika mchoro wa Shannon, ndio wanaoamua kama lililopita ni vazi au ni kijembe.

Mtetezi wa modeli atasema mvaaji ni chanzo, kitambaa ni njia, na utata wa maneno ni kelele. Hoja hii inavunjika hapo kwenye kelele. Kwa Shannon kelele ni hasara ya kukabiliwa, ilhali utata wa kanga ni mali: ukiondolewa, mvaaji anapoteza kinga yake. Wala mrejesho, ambao Wilbur Schramm aliupa nafasi mwaka 1954, hauokoi jahazi, kwa kuwa hapa kujibu ndiko kushindwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba, ikiwa mtazamaji ndiye anayekamilisha maana, basi yeyote anaweza kushtakiwa kwa nguo yoyote. Sivyo. Jina lilelile likivaliwa jikoni na mtu asiye na ugomvi halimsemi mtu. Uhusiano wa wahusika, saa, njia iliyopitwa na mambo yaliyotokea wiki iliyotangulia ndivyo vinavyoiwekea tafsiri mipaka, na mipaka hiyo inajulikana na mtaa mzima. H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka 1975, alionyesha jinsi msikilizaji anavyofikia maana isiyotamkwa kwa kupima muktadha. Kanga inaonyesha kwamba upimaji huo unaweza kuwa wa jamii, na kwamba aliyekusudia anaweza kuikana maana bila kuifuta.

Wala hili si la kanga peke yake. Katika taarabu, msikilizaji huinuka na kwenda kumtunza mwimbaji pale ubeti unapomgusa hasimu wake. Erving Goffman, mwaka 1981, alimgawa msemaji katika nafasi tatu: anayetamka, aliyetunga, na ambaye msimamo wake unawakilishwa na maneno. Ukumbini nafasi hiyo ya tatu hutwaliwa na mtu wa hadhira, wimbo ukiwa bado unaendelea, kisha huachwa wazi kwa mwingine atakayeinuka. Ndivyo ilivyo pia kwa maneno ya kuokota ambayo mtu huyaweka kwenye WhatsApp akijua fulani atayaona. Mtafiti akianza kwa kumsaka mtumaji mmoja, ukumbini atamwandika mwimbaji, na aliyeutumia ubeti kumpiga hasimu wake atabaki nje ya mchoro.