Arosto

Katika vijiwe vya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, arosto ni mateso yanayompata mtumiaji wa unga, yaani heroini, anapoukosa: jasho, miayo, makamasi, kuhara, maumivu ya mifupa, usingizi kupotea. Wasioijua huiita ukaidi au maigizo. Sivyo.

Heroini ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini, ambayo hushika vipokezi vya ubongo vilivyowekewa endofini, kemikali za mwili wenyewe za kutuliza maumivu. Wanasayansi walivithibitisha vipokezi hivyo mwaka 1973. Mofini pia hupunguza kazi ya seli za shina la ubongo zinazotoa noradrenalini, kemikali inayotuweka macho na tayari. Matumizi yakiendelea, seli hizo huongeza bidii ili kufidia. Unga ukikatika, kizuizi huondoka lakini bidii hubaki, kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango kwa nguvu zote, ukafunguliwa ghafla. Noradrenalini hufurika, moyo huenda mbio, mwili hutetemeka.

Methadoni, dawa inayotolewa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011, hushika vipokezi vilevile, lakini taratibu na kwa muda mrefu. Ndiyo maana mgonjwa akishapata kipimo kinachomfaa, kunywa mara moja kwa siku humkinga na arosto.

Neno hili la mtaani lastahili nafasi katika kamusi na katika chumba cha daktari. Anayesema “nina arosto” anataja ugonjwa. Tumpeleke kliniki, tusimcheke.